Kasa Aliyekufa Maji

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na wa nyuma wasikie.

Palikuwa na kijiji, enzi za mababu wa mababu zetu. Jina la kijiji limesahaulika. Jina la Bi Mize halikusahaulika, na ndilo lililonikalisha hapa.

Bi Mize alikuwa mwosha maiti. Mikono yake ilinukia kafuri na majani ya mkunazi. Watu walimheshimu sana, ila sinia lake la wali walilikwepa.

Kijijini hapo akaja mpika chumvi mmoja, Nyamvula, na mtoto mchanga mgongoni. Homa ikamchukua mtoto. Bi Mize akamwosha, akazikwa nyuma ya vyungu vya chumvi. Nyamvula akabaki na vyungu vyake na kaburi lile dogo.

Msimu uo huo kasa wakaanza kufa.

Asubuhi ya kwanza, kasa mmoja ufukweni, kimya. Hana jeraha, hana mshale. Watu wakamtazama, wakaenda zao.

Asubuhi ya pili, kasa wawili, kimya. Hawana jeraha, hawana mshale. Watu wakatazamana.

Asubuhi ya tatu, kasa watatu. Hawana jeraha, hawana mshale. Mtu mmoja akasema, "Tangu yule mwanamke aje." Ikatosha.

Asubuhi ya nne Jumbe Makame, mkuu wa kijiji, akaja na vijana wenye kamba. Kasa mwingine alikuwa amelala mchangani, mpana kama mlango.

"Maji yamekupwa," Jumbe akamwambia Nyamvula. "Yakijaa yasikukute hapa."

"Kwa kosa gani?"

"Umewaroga kasa."

Nyamvula akatazama nyuma ya vyungu, kwenye kaburi.  

"Mimi napika chumvi, Jumbe. Na mwanangu yuko hapa. Siondoki."

Vijana wakakunjua kamba. Ndipo Bi Mize akafika na kata yake ya maji. Hakumsalimu mtu. Akapiga magoti mbele ya kasa, akaanza kumwosha kama anavyooshwa mtu. Taratibu, taratibu. Kichwa, shingo, chini ya shingo.

"Na sanda yake, Bi Mize, itakula shuka ngapi?" kijana mmoja akauliza. Watu wakacheka, heee!

Bi Mize akainua pezi la mbele. Chini yake, kwapani, palikuwa na mchubuko mwembamba unaozunguka. Akaibonyeza shingo. Maji yakatoka puani na povu.

"Huyu amezama," akasema. "Amekufa maji."

Hapo ufukwe mzima ulicheka. "Kasa kufa maji? Kesho utatuambia popo kafa kwa giza!"

"Chekeni," Bi Mize akasema. "Mmewaona kasa wakitoa vichwa juu ya maji. Wanatafuta nini huko juu? Wanatutazama sisi, kwa uzuri gani? Wanavuta pumzi. Na huyu alizuiwa. Alama ya uzi hii hapa."

"Sisi tulitazama," Jumbe akasema. "Hatukuona kitu."

"Mlitazama mgongo. Mimi hutazama mpaka kwapani. Jumbe, jarife lako, wavu ule wa papa, zamani lilitolewa kila maji yakipwa. Siku hizi linakaa baharini siku mbili. Kasa anayenaswa humo hukosa pumzi, na mawimbi humng'oa kabla hujalitoa."

Kicheko kikakatika.

"Unanishtaki mimi?"

"Sikushtaki. Hukujua. Hata mimi nimejua leo. Lakini sasa tumejua wote."

"Maneno tu hayo. Huyu mwanamke ataondoka."

"Basi na mimi naondoka naye. Ila chagueni kwanza nani atawaosha maiti wenu."

Watu wakaangalia mikono yao. Kila mmoja akaificha.

Bi Mize akaligusa jicho la kasa kwa ncha ya kidole. Kope ikacheza, kidogo sana.

"Huyu hajamaliza kufa," akasema. "Jumbe, wewe ulisema maji yakijaa. Tuachie mpaka yajae."

Jumbe akawaashiria vijana wasubiri. Bi Mize na Nyamvula wakamwinua kasa kwa nyuma, wakamwegesha juu ya gogo la mnazi, kichwa chini. Nyamvula akamwagia maji kwa chungu chake cha chumvi, mgongo usikauke. Maji yakamtoka kasa puani: to, to, to.

Jua likapanda. Nyamvula akaenda, akarudi. To, to, to.

"Bibi," akanong'ona, "una hakika?"

"Sina. Nimeosha watu wengi, mwanangu, sijamrudisha hata mmoja. Lete maji."

Bahari ikarudi. Ikafika kwenye gogo. Ikafika kwenye vifundo vya miguu, chini kidogo ya pua ya kasa.

"Maji yamejaa," Jumbe akasema. Vijana wakasogea.

Nyamvula hakugeuka. Akachota, akamwaga. "Nifungeni na chungu changu," akasema. Akachota, akamwaga.

Fuuuu.

Kila mtu alisikia. Kasa ameinua kichwa.

Fuuuu.

"Haya," Bi Mize akasema, "uchawi wenyewe ndio huo. Maji ya chungu."

Kasa hakwenda mara moja. Alipumua mpaka alasiri, kisha akajivuta, chubwi, akazama kwa hiari yake. Jumbe alisimama akimtazama. Hakuomba radhi. Alivua kilemba, akaingia baharini, akalitoa jarife kwa mikono yake. Tangu siku hiyo halikulala majini.

Msidhani kasa hawakufa tena. Walikufa wengine, kwa sababu nyingine, na kila mmoja Bi Mize alimgeuza akamtazama kabla mtu hajataja jina la mtu.

Alipokufa yeye, mikono mingi ilifichwa. Nyamvula hakuificha yake. Alimwosha taratibu, mpaka kwapani.

Basi, wasikilizaji, kifo kikija bila jeraha, kigeuzeni kwanza upande msioutazama. Na akija mtu na kamba kabla hamjageuza, msimpishe.

Hadithi yangu imefika ufukweni, na mimi nateremka.