Mashine ya Marehemu Haroub

Alhamisi tarehe kumi na mbili Januari, saa moja asubuhi, Bi Riziki alifungua mlango wa nyumba yake ya ughaibuni akakuta theluji imefika magotini. Saa nne watu wangekuja kumsomea marehemu mumewe, Haroub, hitma ya arubaini, na wazee wasingeweza kupita.

Jirani yake, Bwana Mahfudh, alikuwa uani kwake akiipangusa mashine mpya ya kurushia theluji kama anayempangusa bibi harusi jasho.

"Usiniombe, Bi Riziki. Hii haiazimwi."

"Sikuombi, baba. Nataka kununua yangu, ndiyo nachagua. Hiyo naiona ndogo."

"Ndogo? Nguvu za farasi kumi na tatu! Dukani hawana inayoishinda."

"Labda. Lakini marehemu aliisafisha njia yangu mpaka lami ikaonekana. Hiyo itazimika katikati."

"Yeye alikuwa na mashine gani?"

"Iko stoo. Ukifika nayo hiyo barazani kwangu nitakuonesha."

Mahfudh akaiwasha. Akanguruma nayo kutoka barabarani hadi barazani, akarudia kingo, akakwangua hata ngazi.

"Lami hiyo, itazame! Haya, lilete dude la marehemu."

Bi Riziki akaleta beleshi kuukuu, mpini umefungwa kamba.

"Ndilo hili. Nawe umeniondolea haja ya kununua."

Mahfudh akaizima mashine yake. Saa nne ilikuwa imefika, na nyuma yake wazee walikuwa wakiingia, viatu vikavu.

"Karibu hitma, Bwana Mahfudh," alisema Bi Riziki, akainua mikono. "Ewe Mola, mrehemu Haroub, umpanulie kaburi lake kama ulivyotupanulia njia hii leo. Amina."