Vitara vya Maofisa Saba

Jemadari mmoja alikuwa na maofisa saba, na hakumwamini hata mmoja. Wakati huo vitara, panga za maofisa, havikuwa tena vya vita. Vilipindwa zamani kwa ajili ya wapanda farasi, wakate huku wakipita mbio, vikawekewa kikingio cha kulinda vidole. Farasi walikwisha, vitara vikabaki vya gwaride, vyenye mipini ya dhahabu na ala za kung'aa. Hata hivyo jemadari kila alipovitazama alijishika shingo. Akamwita mhunzi kwa siri, akaamuru kila kitara kipigiliwe msumari juu ya ala, karibu na mpini, kisichomoke kamwe.

Mila ya boma lile ilikuwa kwamba ofisa hachomoi kitara mbele ya watu ila kwa amri, na amri haikutolewa. Kila mmoja alijaribu chake nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, kikagoma. Kila mmoja akawaza: amenishuku mimi peke yangu. Wakaogopana. Gwaridani kila mmoja aliufunika msumari wake kwa kiganja, na wenzake wakadhani anajiweka tayari kukata mtu.

Siku moja jemadari alimsingizia Luteni Mkomwa uasi. Akavuliwa kitara, ikaamriwa atolewe nje ya boma, jangwani, bila maji. Wote sita waliobaki walijua ni uongo. Kapteni Shebughe, aliyekula naye sahani moja miaka kumi, alitaka kusema hapana. Akawatazama wenzake, akaona mikono mitano imeshika vitara. Naye akaufunika msumari wake. Mkomwa alipita mbele yao akimwangalia kila mmoja usoni, na lango likafungwa.

Baada ya mazishi ya Mkomwa, aliyefia jangwani kwa kiu, Shebughe alipewa kitara cha marehemu akitunze. Akauona msumari, sawa na wa chake. Akaenda kwa mhunzi, akamuuliza alipigilia vingapi.

"Vyote, afande," mhunzi akasema. "Na cha jemadari pia, maana hata yeye simwamini. Anajua tangu siku ya kwanza, ila anaona haya kusema, kama ninyi."

Ndugu zangu mnaosikiliza hadithi hii, siwaulizi kama vitara vyenu vinachomoka. Najua havichomoki, na changu hakichomoki. Nawauliza hivi: Mkomwa alipokuwa akipita mbele yenu, mlimwogopa nani?