Mizeituni ya Niketa

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika kisiwa cha Krete, zama zile Waislamu walipokuwa wakikaa huko pamoja na Wagiriki wenyeji, aliishi mja mwema aliyeitwa Mundhir bin Waddah. Hakuwa mwanachuoni wala mtu wa cheo. Alikuwa na shamba la mizeituni kwenye mteremko wa mlima, na mke aliyeitwa Rabab. Hawakujaaliwa mtoto, na hilo walilipokea kwa subira.

Shamba lao lilipakana na la Mgiriki mmoja, Mnasara, jina lake Niketa. Ua wa miiba tu ndio uliotenganisha miti ya huyu na ya yule. Niketa ndiye aliyemfundisha Mundhir kazi ya mafuta, kwa kuwa Mundhir alifika kisiwani kijana, hajui mzeituni ila kwa kuusikia katika Kitabu kitukufu kuwa ni mti uliobarikiwa. Alimfundisha kuchuma zeituni kwa mkono zingali kijani, zinapoanza tu kugeuka zambarau, na kuzisaga siku hiyo hiyo chini ya jiwe kabla hazijapata joto na kuchacha. Alimwonyesha namna ya kuujaza ule uji wa zeituni zilizosagwa kwenye vikapu bapa, kuvipanga kimoja juu ya kingine, kuvibana kwa gogo, kisha kungoja mafuta yaelee juu ya maji yenyewe bila kuharakishwa. Mafuta yaliyopatikana hivyo yalikuwa ya kijani, yananukia majani mabichi, na ukiyaonja yanakuwasha kidogo kooni. Watu wa mlima ule waliyala kwa mkate, waliwashia taa misikitini na makanisani, waliwasugua watoto wachanga nayo, na mtu akiungua au akichubuka dawa yake ya kwanza ilikuwa hiyo.

Mke wa Niketa akaugua. Niketa akaazimia kumpeleka kwa ndugu zake ng'ambo ya bahari, pamoja na binti yao aliyekuwa angali akinyonya. Siku ya kuondoka alimwendea jirani yake akamwambia:

"Ndugu yangu Mundhir, wewe una dini yako na mimi nina yangu, lakini simwoni mwingine wa kumwachia miti hii. Mafuta yake kuleni wewe na mkeo, hiyo ni haki ya jasho lenu. Miti yenyewe ni amana. Nisiporudi mimi, atakuja binti yangu."

Mundhir akasema, "Nimeipokea, na Mungu ni shahidi."

Miaka ikapita, Niketa hakurudi. Majirani waliokuwa wakiujua mpaka wa mashamba yale, wengine walifariki, wengine walihamia pwani. Mundhir akawa anaipogoa miti ya Niketa kama anavyoipogoa yake, na mara nyingi akianza na ile ya amana.

Kisha, mwisho wa kiangazi kimoja kikavu, moto ulianzia vichakani ukapanda mteremko. Upepo uliusukuma moja kwa moja ndani ya shamba la Mundhir. Yeye na Rabab walipigana nao kwa matawi mabichi na magunia yaliyolowa mpaka nguvu zikawaishia. Ulipokwisha kuila miti yao yote, na ua wa miiba pamoja nayo, upepo uligeuka. Miti ya Niketa ikabaki imesimama, majani yake yana vumbi la majivu tu.

Mundhir alikaa juu ya jiwe akatazama kazi ya umri wake ikitoa moshi. Akasema, "Alhamdulillahi kwa kila hali." Rabab alikuwa akilia.

Tangu hapo wakawa wanaishi kwa mafuta ya amana. Watu wapya waliohamia mlimani walidhani miti iliyosalimika ni ya Mundhir, na visiki vyeusi ni vya mtu aliyekwenda zake. Hapana aliyewauliza.

Msimu wa kuchuma ulipofika, alitokea mwanamke kijana anapanda mteremko, amembeba mtoto mgongoni. Alikuwa na uso uliochoka na nguo zilizoliwa na chumvi ya safari. Akasalimu akasema:

"Mimi ni Evdokia binti Niketa. Wazazi wangu wamefariki, na mume wangu amefariki. Baba aliniambia, siku dunia itakaponibana, nimtafute Mundhir, kwani shamba letu linapakana na lake."

Mundhir alimkaribisha. Lakini kabla hajafungua kinywa, yule mwanamke aligeuka akaona pande mbili za mlima, moja ya kijani na moja nyeusi. Akaweka mkono kichwani.

"Bila shaka hii iliyoungua ndiyo yetu," alisema. "Ndiyo bahati yangu. Kila ninachokishika huwa majivu." Akaketi chini pale pale, machozi yakimtoka.

Ndugu zangu, hebu tuupime mtihani huo. Ili miti ya kijani ibaki kwake, Mundhir hakutakiwa kusema uongo. Hakutakiwa kuapa. Alitakiwa kunyamaza tu.

Naye akanyamaza.

Rabab alimvuta kando, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bwana wangu, hatukumdanganya. Kasema mwenyewe. Yeye ni kijana, ataolewa, atafanya kazi. Sisi wazee, hatuna mtoto wala shamba. Tutakwenda wapi? Ni nani atakayetupa hata kipande cha mkate?"

Mundhir alimtazama mkewe akamwonea huruma, kwa kuwa yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Hakumkemea. Alisema, "Mpe mgeni chakula. Mimi nakwenda kuswali adhuhuri."

Akapanda hadi kwenye chemchemi akatawadha. Inasemekana alikaa sana kwenye sijida, na kwamba aliomba, "Ee Mola wangu, mimi ni mwoga. Nimeiogopa njaa kuliko nilivyokuogopa Wewe. Nipe ulimi." Alipotoa salamu alikuwa amekwisha kukata shauri. Akateremka upesi, asije akabadili nia njiani.

Huku nyumbani, Rabab alimwekea Evdokia mkate, chumvi na bakuli la mafuta mapya. Evdokia alikula kwa adabu ya mtu mwenye njaa anayejizuia. Kila tonge alilochovya alishukuru. "Mungu akulipe, mama. Nimekuja mikono mitupu na mnanilisha mali yenu."

Rabab aliinama akajifanya anafunika mtungi.

Mtoto akaanza kulia. Ngozi yake ilikuwa imepasuka mikunjoni kwa jua na maji ya bahari. Rabab, ambaye hakuwahi kumsugua mtoto wake mwenyewe, alimchukua akamlaza mapajani. Alichovya vidole katika mafuta, akampaka shingoni, makwapani, na mgongoni taratibu. Mtoto alinyamaza. Kisha akakishika kidole cha Rabab chenye mafuta, akakitia mdomoni, akacheka.

Hapo Rabab akashindwa.

"Mwanangu," alisema, "usinishukuru. Mafuta haya ni yako. Miti ile ya kijani ndiyo ya baba yako. Iliyoungua ni yetu. Tulinyamaza kwa hofu, basi tusamehe."

Mundhir alipofika mlangoni aliwakuta wanawake wawili wanalia, na mtoto katikati yao. Akashtuka. "Rabab, umefanya nini?"

Rabab akajibu, "Nimefanya ulichokwenda kuomba nguvu ya kukifanya."

Mundhir aliegemea mwimo wa mlango, na watu wanasema alitabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akamwambia Evdokia, "Binti yangu, alichokuambia ni haki. Njoo nikuonyeshe mpaka."

Evdokia akasema, "Mngenyamaza, ningeondoka leo hii nikiwaombea heri." Alimpangusa mtoto mdomo. "Mimi sijui kuchuma wala kukamua. Baba alikufa kabla hajanifundisha. Nifundisheni ninyi, na tule pamoja. Mkiondoka, nitabaki na miti nisiyoijua."

Wakakaa hivyo. Wazee walifanya kazi katika shamba ambalo si lao, na hawakuona haya kusema kwamba si lao. Watu walimshauri Mundhir ang'oe visiki vyake vilivyoungua auze mkaa. Alikataa. Alivimwagilia maji asubuhi na jioni, kiangazi hata kiangazi, na waliopita walimhurumia wakidhani huzuni imemtia wazimu. Hata ikawa siku moja chini ya kisiki kimoja, kutoka mzizini, kukatokea chipukizi la rangi ya fedha. Kisha kingine kikachipua, na kingine.

Machipukizi hayo yalipokua na kuzaa matunda ya kwanza, Mundhir alikuwa hawezi tena kusimama. Evdokia alizichuma zeituni zile chache kwa mikono yake, akazisaga peke yake, akazikamua peke yake. Akamletea kijibakuli kidogo kitandani. "Baba," alisema, "haya ni ya miti yako. Sikuchanganya hata tunda moja la kwangu."

Mundhir alichovya mkate akala. Yakamwasha kooni, akakohoa, akacheka, akampa Rabab naye aonje.

Enyi wapenzi, uongo mtu huujua kwa sura yake akauepuka. Kimya kinachokula haki ya mtu ndicho kigumu kukitambua, maana huja kimevaa nguo za heshima. Mundhir alihitaji sala nzima ili kukitambua, na Rabab alihitaji mkono wa mtoto. Tumwombe Mola wetu asitunyime kimoja kati ya hivyo siku yetu itakapofika.