Kiko cha Chilewa

Mzee Masuma alikuwa na mbuzi wengi kuliko mtu yeyote kijijini, na sifa za mwindaji Chilewa zilimkera.

"Wewe kuwinda hukuzaliwa nako, una bahati tu," alimwambia. "Yule mbweha anayenimalizia mbuzi yumo korongoni. Nikimnasa mimi, mbwa wako nachukua."

"Na nikimnasa mimi?"

"Chagua mbuzi umtakaye."

Korongo lilikuwa na njia mbili za kutokea. Chilewa akamwachia mzee achague kwanza, naye akachagua ya juu, iliyojaa nyayo za mbweha.

"Hata mimi ningekaa hapo," Chilewa alisema, akampa kiko chake kilichoshindiliwa tumbaku. "Kusubiri kunachosha, mzee. Vuta taratibu."

Masuma akatega wavu, akaketi, akavuta. Tumbaku ilimnogea, ila mbweha hakutokea. Mara akasikia vurugu kule chini. Alipofika, mbweha alikuwa akigaragara ndani ya wavu wa Chilewa.

"Bahati tena," alinung'unika.

"Bahati kweli, mzee. Asubuhi nzima upepo umemteremshia moshi wako mpaka akakimbilia kwangu. Sasa naomba kiko changu, kesho nashindana kuwinda na ndugu yako."