Nta Kwenye Mzinga wa Mwandoe

Tegeni masikio, maana mwishoni hukumu nitawaachia nyinyi.

Kijijini Kirumbi waliishi watu watatu. Wakesho alikuwa na masikio: nyuki akipita, alimfuata kwa mvumo hadi kwake. Mwandoe alikuwa na mikono: mzinga aliouchonga haukupitisha mvua. Mwadime alikuwa na mdomo.

Mwaka mmoja matikiti yalichanua, maua yakaanguka bila tunda. Dawa za mashambani zilikuwa zimewamaliza nyuki.

Wakesho alizunguka milimani hadi akasikia mvumo kwenye ufa wa mwamba. Ndilo kundi pekee lililobaki.

Mwandoe alichonga mzinga, akalihamishia humo, akautundika mtini karibu na mashamba.

Mwadime alipita nyumba kwa nyumba, na watu wakaweka chini mabomba ya dawa.

Wakapatana: mzinga ni wa wote watatu, na hakuna atakayerina asali bila wenzake kusimama chini ya mti. Matikiti yakazaa. Kila asubuhi Wakesho alipita hapo, kusikiliza tu.

Asubuhi moja hakusikia kitu. Masega yalikuwa yamekatwa yote, hata yenye watoto, na nyuki wamehama.

"Ni mimi," Mwadime alisema Wakesho alipomwendea. "Unadhani watu waliacha dawa kwa kuipenda sauti yangu? Niliwaahidi asali. Jana walikuja kuidai, mabomba mgongoni. Mimi sikulamba hata kidole."

"Ungeniita, kaka."

"Ungekataa, dada."

Kweli Wakesho angekataa.

Akatega masikio, akafuata mvumo wa mbali. Ukamfikisha uani kwa Mwandoe, kwenye mzinga mpya uliopakwa nta mbichi ya kuwavutia nyuki. Kundi lilikuwa ndani.

"Nta umeitoa wapi?"

"Mwadime alinipa jana."

"Kwa hiyo ulijua!"

"Nilijua watahama. Bila mzinga huu wangevuka mto, usingewasikia tena. Na desturi unaijua: kundi likiingia mzingani mwako, ni lako."

"Nilipokuonyesha ule mwamba, ukalitia kundi mzingani mwako, desturi ilikuwa imelala?"

Wakesho akabaki amesimama, akilisikiliza kundi lake likivuma katika mzinga wa mtu mwingine. Yeye ndiye aliyelipata. Mwadime alilikinga dhidi ya dawa, kisha akavunja mapatano. Mwandoe alilipa makao, lakini alijua, akanyamaza.

Haya, mlioketi hapa: kundi lile mngempa nani?