Fyuzi Nne za Gari la Chekechea

Wapendwa, leo sina salamu ndefu. Nimepanda hapa mimbarani nikiwa na hasira, na kabla sijawaambia ni ya nini, nisikilizeni habari za fundi mmoja.

Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke, kwenye gereji ya huko milimani ambako asubuhi ukungu hushuka mpaka humwoni ng'ombe aliyesimama mbele yako. Mtu mmoja mwenye shule ya chekechea alimletea gari lake la kubebea watoto. Taa za mbele zimezimika. Fundi akafungua kiboksi cha fyuzi, akakuta fyuzi ya taa imeungua, akaweka nyingine, taa zikawaka. Baada ya siku tatu gari likarudi, fyuzi imeungua tena. Mwenye gari ana haraka, akawekewa nyingine. Mnaijua fyuzi? Ni kitu kidogo tu, na kazi yake ni moja: umeme ukizidi mahali, yenyewe inakatika ili gari zima lisiungue.

Fyuzi ya tatu ilipokatika, yule mama alikataa kubahatisha. Alichukua testa, kile kifaa cha kupimia umeme, akaufuata waya kipande kwa kipande, kuanzia kwenye taa kurudi nyuma, mpaka ulipoingia ndani ya dashibodi. Akajua shoti iko huko. Kuna mahali waya umesuguana na chuma mpaka ngozi yake imetoka, na gari likirukaruka kwenye mashimo unagusa bodi. Akamweleza mwenye gari kwamba lazima dashibodi ishushwe yote, ni kazi ya siku mbili, na watoto watafutiwe usafiri mwingine. Akaweka fyuzi ya nne ili gari lisogezwe tu hadi nyuma ya gereji. Ilikatika kabla halijafika.

Mwenye gari akaja juu. Mbele ya wateja wote alisema huyu ni fundi gani anayeshindwa na taa, na kwamba anatafuta visababu vya kukaa na gari la watu.

"Mama, sikuja hapa kufundishwa," alisema. "Weka kipande cha waya hapo mahali pa fyuzi, kisichokatikakatika, nikafanye kazi zangu."

"Mzee, fyuzi siyo mbovu. Inakatika kwa sababu ndani kuna kitu kinaungua. Nikiweka waya, taa zitawaka vizuri sana, na moto utashika huko usikokuona."

"Kwa hiyo unakataa?"

"Kwa gari la watoto, nakataa."

Mwenye gereji hakutaka kumkosa mteja mwenye jina. Akamwambia yule mama akusanye vifaa vyake. Miaka tisa alikuwa pale. Aliondoka bila kumuaga mtu, amefura kwa hasira, hana hata uhakika watoto wake watakula nini mwisho wa wiki. Akaitwa fundi mwingine, mpole, mwingi wa ndiyo mzee, naye akakata kipande cha waya akakichomeka. Taa zikawaka kuliko mwanzo. Mwenye gari akasema sasa amepata fundi.

Ziliwaka siku kumi na moja. Niwaulize: siku zote hizo, gari lile lilikuwa zima? Mtu aliyelitazama kwa mbele angesema nini?

Siku ya kumi na mbili, ukungu mzito, watoto kumi na wanne ndani, waya ulishika moto nyuma ya dashibodi. Dereva akawavuta nje mmoja mmoja. Wa mwisho, mtoto wa kike wa miaka mitano, alitoka mikono yote miwili imeungua. Fundi wetu alisikia makelele akiwa nyumbani, akaja mbio. Akamkuta mwenye gari ameketi kando ya barabara, anawaambia watu kwamba hakuna aliyemwambia.

Alisimama mbele yake. "Uliambiwa mara nne, mzee," alisema. "Mara nne kitu kiliungua ili mtoto asiungue. Ukaona bora kiwekwe kitu kisichosema."

Mfano umeishia hapo. Sasa tuzungumze sisi.

Mwaka huu, humu humu, mwenyekiti wa umoja wa akina mama alisimama kwenye kikao akasema kuna binti aliyeolewa katika nyumba ya mzee mmoja wa kanisa hili, na anapigwa. Alisema Machi. Alisema Mei. Julai alisema huku analia. Sisi tulifanya nini? Tulisema ana mdomo. Tulisema anavuruga ndoa za watu. Tukamwondoa kwenye uenyekiti, tukamweka mwingine mtulivu, na tangu hapo vikao vyetu vinaisha mapema na tunaagana kwa kupeana mikono. Mnakumbuka tulivyomshukuru Mungu kwa amani? Sala ile niliiomba mimi, tena kwa sauti kubwa.

Binti huyo yuko hospitalini tangu Alhamisi. Taya lake limevunjika mahali pawili. Na jana mmoja wetu kaniambia, mchungaji, tungejua tungefanya kitu. Tungejua? Tuliambiwa mara tatu, na aliyetuambia tukamwondoa kwa kura. Ndugu zangu, nimechoka kusikia neno vumilia likitoka kwa watu ambao hakuna anayewapiga.

Tulikuwa wanne tuliokwenda nyumbani kwa yule mama mwenyekiti kumwambia anyamaze. Sitawataja wenzangu. Mama mwenyewe yuko pale, benchi la nyuma, ambako siku hizi hakuna anayekaa naye. Kwaya isiimbe kwanza. Mimi nashuka hapa nikapige magoti mbele yake, na nitabaki pale chini mpaka hao watatu waje.