Digidigi na Maneno ya Varandani

Paukwa!

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa kiti.

Kiti cha nani?

— Cha mwenye kukikalia.

Na aliyesimama?

— Tuambie wewe.

Haya, nawaambia, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hapo zamani, zamani ile wanyama walipokuwa na chuo kikuu chao, palikuwa na mwalimu mmoja, jina lake Digidigi. Mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, akifundisha katika Idara ya Malisho. Mkuu wa idara hiyo alikuwa Profesa Kiboko. Huyo sina haja ya kuwaeleza ukubwa wake. Akiingia ofisini, ofisi imejaa.

Wanafunzi walimpenda Digidigi. Wakikosa nafasi ndani, walimsikiliza dirishani. Kiboko akaliona hilo, likamkaa rohoni. Kosa la Digidigi ndilo hilo, na mkitafuta jingine mtachoka bure.

Sasa, chuo kile kilikuwa na sheria. Mwalimu akiandikiwa barua tatu za kujieleza, anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na akishindwa kujieleza anafukuzwa kazi.

Jumatatu moja Kiboko akamkuta Digidigi varandani, peke yake. Akamwambia kwa upole, "Mwalimu, kesho ufundishe ukumbi wa juu."

Kesho yake Digidigi akapanda, akapanda, akapanda. Ukumbi mtupu. Wanafunzi wako ukumbi wa chini, wanamsubiri. Mchana akaletewa barua: jieleze kwa nini hukufundisha.

Akaenda ofisini. "Mkuu, si wewe uliyeniambia niende juu?"

"Mimi? Lini? Mbele ya nani?"

 Mbele ya nani, kweli? Digidigi akaondoka akijiuliza kama labda alisikia vibaya.

Wiki ya pili, varandani palepale. "Mwalimu, mitihani uliyosahihisha uilete Ijumaa." Ijumaa akaileta. Kumbe wenzake walikwisha peleka yao Alhamisi, na siku ya mwisho ilikuwa hiyo. Barua ya pili.

"Mkuu, si ulisema Ijumaa?"

"Mimi? Lini? Mbele ya nani?"

Wiki ya tatu, varandani tena. "Mwalimu, ile ziara ya wanafunzi kwenda mbugani imeahirishwa. Waambie." Akawaambia, wakatawanyika. Asubuhi basi likaja, likapiga honi, likaondoka tupu. Barua ya tatu.

"Mkuu, si ulisema imeahirishwa?"

Mnajua alijibiwa nini?

— Mimi? Lini? Mbele ya nani?

Hayo hayo. Jamani, ukiambiwa mara moja kwamba hukusikia ulichosikia, unakasirika. Mara ya pili unashangaa. Mara ya tatu unaanza kujishuku mwenyewe. Digidigi akafika nyumbani, akamuuliza mumewe, "Mimi leo asubuhi nilikunywa chai?"

"Ulikunywa. Vikombe viwili."

"Una hakika?"

Mumewe akacheka, kisha akamwona hatanii, akaacha kucheka.

Na walimu wenzake, Ngiri na Nyumbu? Waliona barua zikimjia moja baada ya moja, wakaangalia pembeni. Mwenye nguvu mpishe, walisema. Mimi watu wa namna hiyo siwapendi, nawaambieni wazi.

Basi Digidigi akaenda masjala, kwa Bi Nungunungu, mtunza mafaili wa siku nyingi. Akamwambia, "Bibi, nadhani akili yangu imeharibika. Bora niandike barua ya kuacha kazi kabla sijafukuzwa."

"Akili yako nzima, mwanangu. Hebu niambie, muhtasari wa kikao cha idara anauandika nani?"

"Mimi."

"Na anausoma nani kabla ya kuuthibitisha?"

Digidigi akafikiri. "Hausomi mtu. Wanawahi sambusa."

"Basi muhtasari wa kikao cha mwezi uliopita haujathibitishwa. Ongeza mwishoni, kwenye Mengineyo: Mkuu alimpa Digidigi maagizo haya matatu mbele ya walimu wote. Yataje yote."

"Lakini bibi, hakuyasema kikaoni. Wala hapakuwa na walimu."

"Najua. Andika hivyohivyo."

"Huo si uongo?"

"Ni uongo. Andika."

Digidigi akatoka amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Nanyi mkichanganyikiwa, msiniulize mimi kama jambo hilo ni halali. Nalisimulia miaka yote na bado sijui. Ila Digidigi aliandika.

Siku ya kikao Kiboko akainua karatasi bila kuitazama. "Muhtasari umethibitishwa?"

"Nathibitisha," akasema Ngiri, jicho kwenye sinia.

"Naunga mkono," akasema Nyumbu, mdomo umejaa.

Kiboko akatia sahihi, akagonga muhuri, wakala.

Siku ya tatu yake kamati ya nidhamu ikakaa, mwenyekiti Bi Twiga. Ngiri na Nyumbu waliitwa wawe mashahidi wa Kiboko. Bi Twiga akainamisha shingo. "Mwalimu Digidigi, una barua tatu. Unasemaje?"

Digidigi akatoa muhtasari. Bi Twiga akausoma kwa sauti: ukumbi wa juu, mitihani Ijumaa, ziara imeahirishwa.

"Profesa, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliusoma kabla ya kutia sahihi?"

Hapo sasa. Akisema hakuusoma, profesa mzima ataonekana anatia sahihi asichokijua. Kiboko akavimba. "Mimi sitii sahihi nisichokisoma."

"Basi ni kweli ulimpa maagizo haya mbele ya walimu wote."

"Huo ni uzushi," Kiboko akanguruma. "Mbele ya walimu sikusema hata neno moja. Nilimwambia varandani, tukiwa wawili tu."

 Ngiri akamtazama Nyumbu, Nyumbu akatazama sakafu. Kiboko akafumba mdomo, lakini maneno yalikwisha toka. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale mezani.

Digidigi akasema polepole, "Mkuu, naomba urudie."

Kiboko akageukia dirisha.

"Profesa," akasema Bi Twiga, "umeombwa urudie."

"Nilimwambia varandani."

"Ukumbi wa juu?" akauliza Digidigi.

"Ukumbi wa juu."

"Na Ijumaa?"

"Na Ijumaa."

"Na ziara?"

"Na ziara."

Digidigi akakaa chini, akalia. Barua zake zilichanwa zote tatu, na Kiboko alivuliwa ukuu wa idara siku ileile, lakini hayo Digidigi hakuyasikia. Alikuwa akijiambia mwenyewe, "Kumbe nilisikia. Kumbe nilisikia. Kumbe nilisikia."

Hapo hadithi yangu imechoka, nami nimechoka nayo. Palipo patamu chukueni mwende napo kwenu, palipo pachungu niachieni mwenyewe.

— Tumechukua.